Machozi Yana Kazi: Vimeng'enya vya Jicho na Dawa Tunazotumia Kila Siku

Mgonjwa wa kifua kikuu anapokabidhiwa dozi yake ya kwanza, mhudumu wa kliniki humwonya mapema: usishtuke ukiona mkojo umegeuka rangi ya chungwa, ni dawa tu. Ni wachache wanaomalizia onyo hilo kwa kusema kwamba machozi nayo huweza kubadilika rangi, na kwamba anayevaa lenzi laini ndani ya jicho anaweza kuzikuta zimeingia madoa yasiyotoka. Rifampisini humezwa kwa maji asubuhi, hufyonzwa na kuingia katika damu, kisha hutokeza penye kona ya jicho. Rangi yake ndiyo inayoifichua. Dawa nyingine nyingi hulifikia jicho vivyo hivyo, ama kwa kuingia katika machozi, ama kwa kuigusa tezi inayoyatengeneza, lakini hazina rangi, na kwa hiyo hatuna habari nazo.

Tumezoea kuuliza dawa itafanya nini tumboni. Wenye elimu zaidi huuliza kuhusu figo na ini. Machozi hayaulizwi, kwa sababu tumeyachukulia kuwa maji ya chumvi yanayotoka mtu akilia au akikata kitunguu. Nataka kuonyesha hapa kwamba machozi ni chombo cha ulinzi kilichojaa vimeng'enya, kwamba dawa za kawaida kabisa hukidhoofisha, hukituliza au hukivuruga chombo hicho, na kwamba kutojali jambo hili kumewahi kuwapofusha watu.

Kilichomo ndani ya chozi

Kimeng'enya, ambacho wengi tulifundishwa shuleni kwa jina la enzaimu, ni protini inayoharakisha kazi ya kikemia bila yenyewe kuisha. Amilesi iliyomo katika mate huanza kuvunja wanga wa ugali ukiwa bado mdomoni. Machozi nayo yana vimeng'enya vyake, na kile kilichojulikana kwanza kiligunduliwa kwa sababu ya mafua.

Mwishoni mwa mwaka 1921, katika hospitali ya St Mary's jijini London, daktari Mskoti Alexander Fleming alikuwa na mafua, akaweka kamasi zake katika sahani ya maabara. Bakteria wa rangi ya manjano walioota kwenye sahani hiyo waliyeyuka mahali palipokuwa na kamasi. Akaanza kupima majimaji mengine ya mwili, akakuta nguvu hiyo imo kwa wingi ndani ya machozi. Yeye na wenzake wakawa wanajikamulia limau machoni ili wapate machozi ya kutosha kwa majaribio. Mwaka 1922 aliitangaza habari hiyo, na mkuu wake, Almroth Wright, ndiye aliyekipa kimeng'enya hicho jina la lisozimu. Kimo pia, tena kwa wingi sana, katika ute mweupe wa yai la kuku.

Ili kuelewa kinavyofanya kazi, fikiria mkeka. Msusi husuka miyaa ikawa ukili mrefu, kisha hushona ukili na ukili mpaka mkeka utimie. Ukuta wa bakteria umejengwa hivyo hivyo: minyororo mirefu ya sukari iliyoshonwa pamoja kwa protini fupifupi. Lisozimu huukata ukili wenyewe. Ukuta ukishachanika, maji huingia na bakteria hupasuka. Miaka michache baadaye, mwaka 1928, Fleming huyohuyo aliiona penisilini, ambayo humzuia bakteria kushona kili zake. Kwa hiyo chozi na sindano maarufu kuliko zote duniani hushambulia ukuta mmoja kwa mikono tofauti.

Fleming alivunjika moyo kidogo na lisozimu, kwa kuwa bakteria wengi walioleta magonjwa makali hawakuyeyuka. Ukitafakari, jambo hilo lina mantiki yake: bakteria anayefaulu kutuletea ugonjwa ni yule ambaye tayari amepata njia ya kuukwepa ulinzi wetu wa kwanza. Wengine wana utando wa nje unaouficha ukuta wao. Stafilokokasi aureasi, msababishaji wa majipu na wa maambukizi mengi ya kope, ameubadilisha ukuta wake ili lisozimu isipate pa kukata. Lakini machozi yamejibu hata hilo. Yana kimeng'enya kingine, fosfolipesi A2, kinachotoboa utando wa mafuta ulio chini ya ukuta, na stafilokokasi ni mmoja wa wanaouawa nacho. Yana peroksidesi. Yana kimeng'enya kinachokatakata nyuzi za vinasaba zinazoachwa na seli nyeupe zilizokufa vitani, ili zisibaki zikilikera jicho. Pembeni yake ipo laktoferini, ambayo si kimeng'enya ila huwanyang'anya bakteria madini ya chuma, na wengi wao hushindwa kukua bila chuma.

Katika mililita moja ya machozi ya mtu mwenye afya kuna takriban miligramu 2 za lisozimu, zaidi ya mara 100 ya ile iliyomo katika damu kwa kipimo hichohicho. Na haya yote yamo ndani ya kimiminika kidogo ajabu. Juu ya jicho moja hukaa takriban mikrolita 7 tu za machozi, nayo hutiririka kwa mikrolita moja au mbili kila dakika. Machozi ya jicho moja kwa siku nzima, kama mtu halii, hayajazi kijiko cha chai. Tabaka lake la nje ni mafuta kutoka vitezi vya ukingo wa kope, yanayozuia maji yasikauke. La kati ni maji yenye vimeng'enya, kutoka tezi kuu ya machozi na vitezi vidogo vya kope. La ndani ni ute unaoyafanya yashikamane na konea, kioo kile cha mbele ya jicho. Konea haina mishipa ya damu, na kwa hiyo machozi huilisha, huiosha na kuilinda.

Somo la praktololi

Kwa muda mrefu haya yalikuwa mambo ya wanamaabara. Kilichoyaleta mbele ya macho ya madaktari wote ni mkasa wa Uingereza wa miaka ya 1970.

Praktololi ilikuwa dawa ya moyo, ya kundi la vizuizi vya beta, iliyoanza kuuzwa huko mwaka 1970. Ilisifiwa kwa sababu haikubana kifua kama nyingine za kundi hilo. Majaribio kwa wanyama hayakuwa yameonyesha hatari iliyokuja kutokea. Baada ya miaka michache wagonjwa wakaanza kuonekana wakiwa na vipele vya ngozi na macho makavu, mekundu, yenye kuchoma kana kwamba yana mchanga. Mwaka 1975 daktari wa macho Peter Wright wa Moorfields, London, alieleza mkusanyiko huo wa madhara kwa kina: utando wa jicho uliingia makovu, konea zikachubuka, na baadhi ya wagonjwa wakapoteza uwezo wa kuona. Machozi yao yalipopimwa, lisozimu ilikuwa imeshuka vibaya sana. Dawa ikaondolewa katika matumizi ya kawaida.

Mambo mawili katika mkasa huo yanastahili kukumbukwa hadi leo. La kwanza ni kwamba wengi walipata nafuu ya maumivu walipoacha dawa, lakini machozi yao hayakurudi. Tezi ikishaharibika imeharibika. La pili ni kwamba kushuka kwa lisozimu kulikuwa alama inayopimika, tena kwa njia rahisi: karatasi yenye machozi huwekwa juu ya sahani ya bakteria walewale wa manjano wa Fleming, kisha hupimwa upana wa eneo lililoyeyuka. Laiti machozi yangekuwa yanapimwa mapema kwa watu wanaolalamika macho, huenda dalili hiyo ingewashtua madaktari kabla ya makovu.

Baada ya hapo watafiti walivichunguza vizuizi vya beta vilivyobaki, na wakaona baadhi ya watumiaji wana machozi machache na lisozimu pungufu. Hakuna kilichofanana na balaa la praktololi, na mtu anayetumia atenololi au propranololi kwa shinikizo la damu asikimbilie kuiacha. Kiharusi hakina huruma. Ila akianza kuhisi mchanga machoni, dawa hiyo iwemo katika orodha ya washukiwa.

Dawa zinazokausha

Kundi linalowagusa watu wengi zaidi halina historia ya kutisha, na pengine ndiyo sababu halizungumzwi. Tezi ya machozi hupokea amri kutoka kwa neva kupitia kemikali iitwayo asetilikolini. Amri ikifika, tezi humwaga maji pamoja na vimeng'enya. Dawa yoyote inayoziba vipokezi vya asetilikolini huizima amri hiyo njiani, na ndiyo maana mdomo hukauka wakati uleule macho yanapokauka.

Ya kwanza kabisa ni klorofeniramini, kile kidonge kidogo cha mzio kinachopatikana katika karibu kila duka la dawa Afrika Mashariki, na ambacho kimo pia ndani ya dawa nyingi za mafua na za kikohozi. Mtu mwenye macho yanayowasha kwa vumbi hukinywa ili apate nafuu. Mwasho hupungua, lakini machozi nayo hupungua, na vumbi linalobaki halioshwi. Ya pili ni amitriptilini, inayotolewa kwa sonona na kwa maumivu ya neva, kwa mfano miguu inayochoma ya mgonjwa wa kisukari. Zipo pia baadhi ya dawa za magonjwa ya akili na za kutuliza kibofu. Kwa upande wa tabaka la mafuta, isotretinoini inayotumiwa kwa chunusi sugu hudhoofisha vitezi vya kope, na machozi yanayotoka huvukizwa upesi hata kama kiasi chake kinatosha.

Wanaoumia zaidi ni wazee. Lisozimu hupungua kadiri umri unavyoongezeka, na tezi yenyewe huzeeka. Mtu wa miaka 70 mara nyingi anameza dawa ya presha, ya maumivu ya neva na ya usingizi kwa pamoja. Kila moja inachota kidogo katika kisima ambacho tayari maji yake yameshuka. Akisema macho yanamchoma, huambiwa ni uzee. Jibu hilo linaniudhi, kwa sababu uzee haupunguziki lakini vidonge vinaweza kubadilishwa.

Lishe nayo ina nafasi yake. Mtoto aliyekosa vitamini A hupoteza seli zinazotengeneza ute wa jicho, utando wa jicho hukauka, na hatimaye konea huweza kulainika na kupasuka. Kwake yeye tone la vitamini A linalotolewa kliniki kila baada ya miezi sita ni dawa inayoyajenga machozi upya.

Kikulacho ki nguoni mwako

Mpaka hapa nimezungumza kana kwamba vimeng'enya vyote vya machozi ni rafiki. Kipo ambacho wingi wake ni hatari. Jina lake fupi katika maabara ni MMP-9, na kazi yake ni kukata protini zinazoshikilia seli. Kwa kiasi kidogo husaidia kidonda kupona, maana fundi hawezi kujenga upya bila kubomoa palipooza. Jicho likiwa kavu kwa muda mrefu, seli zake hukasirika, hukitoa kimeng'enya hicho kwa wingi, nacho huanza kuila ngozi ya juu ya konea. Konea iliyochubuka huzidisha uchungu na uvimbe, na uvimbe huzidisha kimeng'enya. Hapo ukavu ulioanza kwa kidonge cha mzio unaweza kujiendesha wenyewe. Siku hizi kipo kipimo cha kliniki kinachosoma MMP-9 katika chozi kwa dakika chache, na mpaka wa hatari umewekwa kwenye nanogramu 40 kwa mililita.

Hapa dawa zinageuka kuwa msaada, na mfano mzuri ni doksisiklini. Tunaijua kama antibayotiki. Mwaka 1983 mtafiti Lorne Golub na wenzake walionyesha kwamba dawa za jamii ya tetrasiklini huzuia vimeng'enya vinavyokata kolajeni, na kwamba uwezo huo hautokani na kuua bakteria. Vimeng'enya vya jamii ya MMP hutegemea madini ya zinki katikati yake, na tetrasiklini huyashika madini hayo. Kwa hiyo daktari wa macho anaweza kumpa mgonjwa wa kope zenye uvimbe sugu doksisiklini kwa dozi ndogo, kwa wiki kadhaa, bila kukusudia kuua chochote. Anamfunga kamba mbomoaji. Dawa hiyo pia huwafanya bakteria wa kwenye kope wapunguze utengenezaji wa vimeng'enya vinavyovunja mafuta ya machozi. Haitolewi kwa mjamzito wala mtoto mdogo, kwa sababu huathiri mifupa na meno yanayokua.

Matone ya steroidi, kama deksamethasoni, nayo hushusha MMP-9 upesi. Jicho jekundu huwa jeupe kwa siku mbili, na hapo ndipo penye mtego. Steroidi hupunguza ulinzi wote wa jicho kwa pamoja. Mkulima aliyepigwa na jani la mahindi huweza kupata fangasi kwenye konea. Akiuziwa tone lenye mchanganyiko wa antibayotiki na steroidi bila kupimwa, atafurahia wekundu kuondoka huku fangasi akichimba. Mtumiaji wa muda mrefu huweza kupata presha ya macho, ambayo huua neva bila maumivu, au mtoto wa jicho. Matone haya ni dawa nzuri mikononi mwa anayejua anatibu nini. Kuyauza kama soda ni kosa, na nalisema hivyo bila kulilainisha.

Hata matone ya kutuliza maumivu yasiyo steroidi yana hadithi yake. Mwaka 1999 nchini Marekani wagonjwa kadhaa waliotumia matone ya diklofenaki, wengi wao baada ya upasuaji, walipata konea zilizoyeyuka, na aina moja ya dawa hiyo ikaondolewa sokoni. Uchunguzi uliofuata uliwaelekeza watafiti kwa vimeng'enya vilevile vya MMP.

Tone lenyewe

Sasa tutazame kinachotokea tone linapodondoka. Tone moja la chupa ya kawaida lina mikrolita 30 hadi 50, yaani mara nne hadi saba ya machozi yote yaliyo juu ya jicho. Jicho haliwezi kubeba kiasi hicho. Kingi humwagika shavuni au hushuka kupitia kifereji kinachoingia puani, na vimeng'enya vilivyokuwepo huondoka navyo. Tezi hurudisha ulinzi baada ya dakika kadhaa. Kwa hiyo kuweka matone mawili au matatu "ili ifanye kazi vizuri" hakuongezi dawa jichoni. Tone la pili huliosha la kwanza. Kama umeandikiwa dawa mbili, ziachanishe kwa dakika zisizopungua 5. Kubonyeza kona ya ndani ya jicho, upande wa pua, kwa dakika moja au mbili hulibakiza tone mahali pake. Kwa mtumiaji wa timololi jambo hilo lina uzito wa pekee, kwa kuwa timololi ikipita puani na kuingia katika damu inaweza kumletea mwenye pumu shambulio.

Ndani ya chupa nyingi za matone kuna pia kihifadhi kiitwacho benzalkoniamu, kinachozuia bakteria wasiote ndani ya chupa. Tabia yake ni ya sabuni. Huvunja tabaka la mafuta ya machozi na huumiza seli zinazotengeneza ute. Kwa dawa ya siku tano hilo ni dogo. Kwa mgonjwa wa presha ya macho, anayeweka matone kila siku kwa maisha yake yote, linaweza kuwa ndilo chanzo cha ukavu anaoulalamikia. Zipo dawa zisizo na kihifadhi, katika vichupa vya matumizi ya mara moja, ingawa bei yake huwa juu.

Vimeng'enya navyo huifanyia dawa kazi. Latanoprosti, tone linalotumiwa sana kwa presha ya macho, huingia jichoni ikiwa bado haijakamilika. Vimeng'enya vya konea viitwavyo esteresi hukata kipande chake kimoja, na hapo ndipo inapokuwa dawa kamili. Jicho hushiriki katika kuitengeneza tiba yake lenyewe.

Na lipo adui ambaye vimeng'enya hivi havimfikii. Bakteria wa trakoma, ugonjwa unaoitwa pia vikope, huishi ndani ya seli, lisozimu isikoingia. Ndiyo maana kunahitajika azithromisini, inayopenya seli na kudumu humo kwa siku nyingi, pamoja na maji. Utafiti uliofanyika wilaya ya Kongwa, mkoani Dodoma, na kuchapishwa mwaka 1995 ulionyesha kwamba kunawisha watoto nyuso, pamoja na mafuta ya tetrasiklini, kulipunguza trakoma kali. Mgonjwa asiyetibiwa huweza kuishia na makovu yanayoharibu pia vitezi vya machozi. Maji ya kunawa, kwa hiyo, ni sehemu ya ulinzi wa machozi.

Swali la kuuliza

Katika jamii zetu wengi wamewahi kuona maziwa ya mama yakitiwa katika jicho la mtoto. Maziwa hayo kweli yana lisozimu, na waliolianzisha jambo hilo hawakuwa wajinga. Lakini maziwa hayo hayana usafi wa dawa ya macho, na usaha katika jicho la mtoto mchanga unaweza kulipofusha ndani ya siku chache. Mtoto huyo apelekwe kituo cha afya siku hiyohiyo.

Kwa watu wazima naomba mabadiliko madogo. Ipo karatasi nyembamba iliyobuniwa na Mjerumani Otto Schirmer mwaka 1903. Huning'inizwa kwenye kope la chini kwa dakika 5, kisha husomwa ni milimita ngapi zimelowa. Chini ya 5 ni ukavu mkali. Haihitaji umeme wala mtaalamu bingwa. Kliniki za presha, kisukari na afya ya akili, zinazowaona wagonjwa walewale kila mwezi, zingeweza kuuliza swali moja la macho na kuwapima wale wanaolalamika. Muuza dawa naye angeweza kumuuliza anayenunua klorofeniramini kama macho yake tayari ni makavu.

Wewe nawe ukienda kutibiwa macho, taja kila unachokimeza, hata kile cha mafua ulichonunua juzi, na kila tone unaloweka. Usiache dawa ya moyo wala ya kifua kikuu kwa sababu ya makala haya. Uliza tu: je, hii inafanya nini kwa machozi yangu, na ipo nyingine? Rifampisini hujitangaza kwa rangi yake. Hizo nyingine zitatambulika pale tu mgonjwa atakapouliza na mhudumu atakapopima.